Kitabu Kisichoazimwa

Mwaka 1979 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walichapisha hesabu iliyowatia wakutubi tumbo joto. Kati ya vitabu ambavyo maktaba yao ilivipata mwaka 1969, karibu asilimia 40 havikuazimwa hata mara moja katika miaka 6 ya kwanza. Vilinunuliwa, vikapigwa mhuri, vikapewa namba, vikapandishwa rafuni, vikalala.

Dawa yaonekana rahisi: nunua kinachoombwa, ondoa kisichoombwa. Kwa vitabu vya kiada inafaa. Mhadhiri huleta orodha ya kozi yake. Mkutubi huangalia idadi ya wanafunzi, bei na nakala zilizopo, kisha huagiza. Nakala moja au mbili hubaki kaunta, zisomwe humo humo kwa saa chache. Toleo jipya likija, la zamani hushuka. Katika tiba halina budi kushuka, maana mwongozo wa dawa wa miaka 20 iliyopita ni hatari kuliko rafu tupu. Kwa sababu hiyo hiyo, maboksi ya vitabu vya msaada nayo hupekuliwa kabla ya kupokewa. Cha bure nacho kina ushuru, usafiri, kazi ya kuorodheshwa, na nafasi yake rafuni.

Sasa twende Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata maktaba mpya mwaka 2018 kwa msaada wa China, nayo ilijengwa iweze kubeba vitabu 800,000 hivi. Lakini hazina ya maktaba ya chuo hicho, kwa maoni yangu, ni mkusanyo wake wa Afrika Mashariki: makaratasi ya Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyechunguza mila za makabila kwa ajili ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ambayo J.W.T. Allen aliitolea katalogi mwaka 1970. Kwa kipimo cha Pittsburgh hiyo yote ingetupwa. Haiazimwi, husomwa hapo hapo, tena na watu wachache. Lakini kitabu cha uhasibu kikipotea, duka lipo. Mswada wa utenzi ukiliwa na mchwa, utaununua wapi? Kabla ya kuuliza nani anakisoma, basi, mkutubi huuliza nani mwingine anacho.

Kwa majarida ya mtandaoni jibu la swali hilo hutatanisha. Vyuo vingi vinalo jarida hilo hilo, ila vyote vimepanga kwa mwenye nyumba mmoja, yaani mchapishaji. Ada isipolipwa mlango hufungwa, na hata matoleo ya miaka iliyokwisha kulipiwa yaweza kufungiwa humo, kama mkataba haukusema vinginevyo. Kwa hiyo majuzuu ya karatasi ya jarida hilo, yaliyojaa vumbi na yasiyoguswa na mtu, hayashushwi rafuni mpaka kipengele cha mkataba kinachoyaacha wazi matoleo yaliyolipiwa kionekane kwa macho.