Simu ya Google Isiyo na Google

Mwambie muuza simu wa Kariakoo kwamba unataka simu isiyo na Google, atakuletea kiswaswadu. Simlaumu. Kwa wengi wetu Android na Google ni kitu kimoja, ilhali kiini cha Android ni programu huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua na kujenga mfumo wake juu yake. Vya Google ni vile vinavyoongezwa kiwandani, kama duka la Play, Gmail, na zile huduma za chinichini ambazo hazina hata picha ya kubonyeza. Mwaka 2021 Profesa Douglas Leith wa Trinity College, Dublin, alipima simu za Android na iPhone zikiwa zimewekwa tu bila kuguswa. Kwa wastani zilituma taarifa kwa wenye mifumo kila baada ya dakika 4.5.

Mimi natumia mfumo uitwao GrapheneOS, na kichekesho chake ni kwamba nimeuweka kwenye Pixel, simu ya Google yenyewe. Sababu ipo. Pixel inamruhusu mwenye simu kufungua kufuli la mfumo, aweke mfumo mwingine, kisha afunge tena, na simu itaukagua mfumo huo kila inapowaka ili kuona kama kuna mtu ameuchezea. Simu nyingine nyingi zinazokubali kufunguliwa hukuachia mlango wazi moja kwa moja.

Ukienda kununua Pixel iliyotumika, kamera iache kwanza. Ingia kwenye Mipangilio, shuka hadi sehemu inayoeleza habari za simu, gonga namba ya toleo la mfumo mara 7. Itajitokeza menyu ya watengenezaji programu, na ndani yake kuna swichi ya kuruhusu kufuli hilo la mfumo (OEM) lifunguliwe. Kama imefifia na haigusiki hata ukiwa na intaneti, huenda simu iliuzwa Marekani na kampuni ya laini inayofunga simu zake. Utaambiwa, “Hiyo inafunguka bosi, niachie mpaka jioni.” Usimwachie.

Kuuweka mfumo hakuhitaji fundi. Kompyuta, waya wa USB usiolegea, na tovuti ya GrapheneOS ambayo inafanya kazi ndani ya kivinjari na kukuongoza hatua kwa hatua. Hamisha picha zako mapema, maana simu inafutwa yote.

Inapowaka, imekuwa tupu mpaka unaionea huruma. Mimi huchukua programu F-Droid, duka la programu huria lililoanza mwaka 2010. Kwa ramani nina Organic Maps, inayotumia data za OpenStreetMap, na hapo watu wa Dar tuna bahati. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwaingiza wanafunzi wa vyuo na wakazi kwenye mitaa inayofurika, Tandale ikiwemo, wakachora vichochoro na mifereji. Ukishaipakua ramani, unapita humo bila bando.

WhatsApp ninayo. Nani atajitoa kwenye kundi la ukoo, au kamati ya harusi ambako michango inasomwa? Tofauti ni kwamba mfumo huu unaniachia nichague majina ambayo WhatsApp itayaona. Nimeipa ndugu na wanakamati; daktari wangu hayumo, na yenyewe inadhani hao ndio watu wote ninaowajua. Vilevile kila programu ina ruhusa ya intaneti ninayoweza kuizima. Kibodi yangu haina intaneti, maana haina sababu ya kuwa nayo. Anayeona huo ni wasiwasi uliopitiliza aikumbuke Brightest Flashlight, programu ya tochi, tochi tu, ambayo walioitengeneza walishtakiwa na tume ya biashara ya Marekani mwaka 2013 kwa kuwapelekea watu wa matangazo mahali walipo watumiaji.

Fedha za simu hazina shida: *150*00# haijali mfumo gani uko ndani. Benki ndiyo mtihani. Baadhi ya programu za benki huiuliza Google kwanza kama simu imeidhinishwa, zikikosa jibu zinalolitaka zinagoma. Ya benki yangu imegoma, natumia menyu ya namba.

Na laini yangu imesajiliwa kwa alama za vidole kama yako. Minara inajua niko Sinza, na SMS ya kawaida kampuni ya simu inaweza kuisoma. Hakuna mfumo wa kuzuia hilo, na anayekuuzia “simu isiyofuatiliwa” anakula hela yako.

Asiye na uwezo wa Pixel aanze na simu aliyonayo. Kwenye Mipangilio, sehemu ya Google, kuna ukurasa wa matangazo; futa kitambulisho chako humo. Kisha pitia ruhusa moja moja, ukianza na maikrofoni na mahali ulipo. Inachukua muda wa kusubiri daladala ya Mbagala jioni, na hakuna kinachoharibika.