Filamu ya Facebook: hisa za rafiki zilivyotiwa maji

MFANYABIASHARA wa maharage anayechukua mzigo Muyama, katika nyanda za juu za Kigoma, mara nyingi hafanyi kazi peke yake. Mmoja anakaa huko huko, anawazungukia wakulima, anapima, anashona magunia na kulala stoo. Mwenzake yuko Dar es Salaam au Mwanza, anatuma fedha kwa simu na kutafuta mnunuzi. Pengine walisoma pamoja, pengine ni mashemeji, na baina yao hakuna karatasi. Msimu ukiwa mzuri hakuna anayeuliza fungu la nani ni kubwa. Swali huja siku wanapotaka kununua lori au mashine ya kukoboa, naye mtu wa tatu akajitokeza na fedha nyingi kuliko zao wote wawili.

Ndugu msomaji, jambo la namna hiyo ndilo lililowapata vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 2004. Mark Zuckerberg alikuwa fundi wa programu za kompyuta. Eduardo Saverin, mzaliwa wa Brazil aliyekuwa akisoma uchumi, alikuwa na fedha kidogo na alijua hesabu. Biashara yao ilianza Februari 4, 2004 kwa jina la Thefacebook. Ugomvi wao ndio kiini cha filamu The Social Network, iliyotoka Oktoba 2010.

Filamu hiyo iliongozwa na David Fincher na kuandikwa na Aaron Sorkin. Iligharimu kiasi cha dola milioni 40 na kuingiza zaidi ya dola milioni 220 duniani, na mwaka 2011 ikapata tuzo 3 za Oscar. Haina ngumi wala bunduki. Wenye vibanda vya video wasitarajie kujaza mabenchi kwa mkanda huu, maana sehemu kubwa ni watu waliokaa mezani na wanasheria wao wakibishana juu ya asilimia. Kwa msomaji wa ukurasa huu, hapo mezani ndipo penye utamu.

Kesi zinazoonyeshwa ni mbili. Ya kwanza ni ya mapacha Cameron na Tyler Winklevoss na mwenzao Divya Narendra, waliodai kuwa Zuckerberg alichukua wazo lao. Kesi hiyo ilimalizwa mwaka 2008 kwa malipo ya fedha na hisa yaliyohesabiwa kufikia dola milioni 65. Ya pili ni ya Saverin, na hiyo ndiyo inayomhusu zaidi mtu wa stoo ya maharage.

Yaliyo kweli na yaliyotiwa chumvi

Filamu inaanza na msichana anayemwacha Zuckerberg, naye kwa hasira anakwenda kutengeneza tovuti. Msichana huyo, kwa jina alilopewa na kisa alichobebeshwa, ni wa kubuni. Zuckerberg alikuwa amekwisha kufahamiana na Priscilla Chan, ambaye baadaye alimuoa, kabla Facebook haijaanza. Mwenyewe alisema mwaka 2010 kwamba watengenezaji wa filamu walipatia sana katika mavazi yake. Saverin naye aliandika mwaka huo huo kuwa picha ile ilikusudiwa kuburudisha, wala si kumbukumbu ya mambo yalivyokuwa.

Aidha, ni vema kujua habari zilitoka upande gani. Filamu imetokana na kitabu cha Ben Mezrich cha mwaka 2009, The Accidental Billionaires. Saverin alikuwa miongoni mwa waliompa mwandishi huyo maelezo, ilhali Zuckerberg alikataa kushiriki. Kwa hiyo mtazamaji anaona mambo zaidi kwa jicho la mwenye mtaji aliyeachwa nje. Mfanyabiashara yeyote anajua kuwa ukisikia kesi ya mzigo uliopotea kutoka kwa mwenye mzigo tu, dereva ni mwizi tayari.

Lakini mambo makubwa ya kibiashara ni ya kweli. Katika filamu Saverin anatoa dola 1,000 za mwanzo, kisha 18,000 nyingine. Majira ya joto ya mwaka 2004 Zuckerberg na wenzake walihamia Palo Alto, California, huku Saverin akibaki New York. Uhusiano ukaharibika. Saverin akaifunga akaunti ya benki ya kampuni, kosa ambalo mtu wa Dar es Salaam aliyekasirika anaweza kulifanya asubuhi moja tu, wakati mwenzake yuko Muyama na wakulima wanasubiri malipo. Biashara ikisimama, aliye kazini hutafuta fedha kwingine. Peter Thiel aliingia na dola 500,000, akapata takriban asilimia 10.

Kilichofuata ni karatasi. Julai 2004 iliundwa kampuni mpya katika jimbo la Delaware, na kampuni hiyo ikaichukua ile ya kwanza iliyokuwa imesajiliwa Florida. Oktoba Saverin alisaini mkataba uliompa kiasi cha theluthi moja ya hisa za kampuni mpya, na katika mkataba huo huo akamwachia Zuckerberg kura zake. Januari 2005 kampuni ikatoa hisa mpya milioni 9. Zikagawanywa kwa wengine, Zuckerberg mwenyewe akiwamo. Saverin hakupewa hata moja, na theluthi yake ikashuka chini ya asilimia 10.

Filamu inasema alishushwa hadi asilimia 0.03. Hapo chumvi imezidi. Mwenye asilimia 0.03 asingekuja kuwa tajiri wa mabilioni ya dola, naye Saverin alikuja kuwa.

Hisa zako zipo, fungu halipo

Wengi hudhani kunyang'anywa hisa ni kuzichukua. Saverin hakuchukuliwa hisa hata moja. Chukua kampuni ya mashine ya kukoboa yenye hisa 100, wewe mwenye mtaji una 30 na mwenzako ana 70. Fungu lako ni asilimia 30. Kampuni ikitoa hisa mpya 200 na zote zikaenda kwa watu wengine, zako 30 ziko pale pale kwenye daftari, lakini sasa ni 30 kati ya 300. Umebaki na asilimia 10. Ni kama maziwa yaliyotiwa maji: kikombe bado ni chako na kimejaa.

Katika ubugabire, mkataba wa ng'ombe wa zamani wa Uha, aliyepewa ng'ombe alimtunza na kunywa maziwa, lakini alijua ng'ombe ni wa nani. Hisa haina pembe wala rangi ya kuitambulia. Inatambulika kwa maandishi, na maandishi yenyewe ni katiba ya kampuni inayowekwa BRELA. Humo ndimo pa kutazama nani ana uwezo wa kutoa hisa mpya, na kama wenye hisa wa zamani lazima waulizwe kwanza. Hali kadhalika itazamwe kura. Aliyesaini kumwachia mwenzake kura zake hana la kusema siku ya mkutano, hata akiwa na theluthi.

Hata hivyo, kutoa hisa mpya si wizi kwa kila hali. Mwaka 2015 Benki ya CRDB ilitoa hisa mpya kwa wenye hisa wake kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, hisa 1 kwa kila 5 walizokuwa nazo, kwa bei ya Sh 350. Aliyekuwa na hisa 500 aliitwa anunue 100, na akinunua fungu lake linabaki lile lile. Asiponunua yeye wala kuuza haki yake, na nyingine zote zikanunuliwa, fungu lake linapungua kwa sehemu moja ya sita. Tofauti na Saverin ni kwamba huyu aliitwa, akaambiwa bei, akapewa muda wa kuamua.

Je, Saverin aliibiwa? Maoni ya safu hii ni kwamba alidhulumiwa utaratibu, lakini mwenzake hakukosea aliposema kuwa kazi ilikuwa ikifanywa bila yeye. Fedha za kwanza za kununua maharage hazimpi mtu haki ya kulala miaka yote huku mwingine akibeba magunia. Kampuni ilimshitaki, naye akaishitaki, kisha wakapatana kwa masharti yasiyotangazwa, na jina lake likarudishwa katika orodha ya waanzilishi. Fungu dogo la kampuni kubwa lilimfaa kuliko theluthi ya tovuti ambayo ingekufa.

Waliokuja kununua hisa baadaye walikuwa na mtihani wao. Facebook, ambayo tangu Oktoba 2021 kampuni mama yake inaitwa Meta, iliingia sokoni Mei 18, 2012 kwa dola 38 kwa hisa. Filamu ilikuwa imekwisha kuifanya kampuni hiyo izungumzwe kila kona. Mwanzoni mwa Septemba mwaka huo huo hisa ilikuwa chini ya dola 18. Aliyeuza kwa hofu alipoteza zaidi ya nusu ya fedha zake, ilhali aliyevumilia aliiona ikipita dola 38 tena Agosti 2013.

Afrika nayo ina kisa kinachofaa kupigwa picha. Novemba 2000, Nkosana Makate, mhasibu mwanafunzi wa kampuni ya Vodacom ya Afrika Kusini, alimwandikia mkubwa wake wazo la namna mtu asiye na salio anavyoweza kumwomba mwenzake ampigie. Wakati huo wengi wetu tulikuwa tukibipu tu. Huduma hiyo, Please Call Me, ilianza mwaka 2001, na jarida la ndani la kampuni likamshukuru kwa jina. Ahadi ya malipo ilikuwa ya mdomo, na kiasi kiliachwa kijadiliwe baadaye. Aliyekuwa mkuu wa kampuni, Alan Knott-Craig, baadaye aliandika kitabu akisema wazo lilikuwa lake.

Makate alishindwa Mahakama Kuu mwaka 2014, akashinda Mahakama ya Katiba Aprili 2016. Hapo kampuni iliamriwa ikae naye mezani kwa nia njema. Mwaka 2019 alikataa randi milioni 47. Kesi ikaendelea kuzunguka mahakamani hadi Novemba 2025, pande hizo mbili zilipomalizana nje ya mahakama, ikiwa imetimia miaka 25 tangu aandike ule waraka wake.