Msitu Unaotunzwa Jikoni

Tukisikia neno utalii, wengi wetu hufikiri ni jambo la wageni wenye kamera na fedha nyingi. Sisi akina mama tuna shamba, maji na kuni za kufikiria. Lakini hapa Magole tunafahamu kwamba yanayotokea milimani hayaishii huko. Mwezi wa Januari 2014 Mto Mkundi ulifurika. Maji yaliingia majumbani na mashambani, na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika kwenye daraja la hapa kwetu.

Hakuna msitu unaoweza kuzuia kila mafuriko. Hata hivyo, inafaa tujue msitu unafanya kazi gani, na watoto wetu wajue pia. Milima yetu ya Ukaguru na Rubeho ni sehemu ya safu iitwayo Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Huko Udzungwa ndiko tunakoweza kwenda kujifunza kwa macho.

Tunatembea kwa miguu

Kutoka Magole tunapita Dumila na Kilosa hadi Mikumi, kisha tunashika barabara ya Ifakara. Baada ya kilomita 60 hivi tunafika Mang'ula, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Tofauti na Mikumi, ambako watu hutazama wanyama wakiwa garini, huku msitu hutembelewa kwa miguu pamoja na kiongozi. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni.

Wenye watoto wadogo wanaweza kuchagua njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, isiyofika saa moja. Wenye nguvu huenda Sanje, ambako maji huanguka mita 170 hivi. Safari hiyo huchukua kama saa nne. Tuvae viatu visivyoteleza, tubebe maji ya kunywa, na takataka zetu turudi nazo. Miezi ya Juni hadi Oktoba ni mizuri zaidi, maana wakati wa masika njia huteleza sana.

Kiongozi akitusimamisha chini ya mti mkubwa, tutazame chini. Matone ya mvua hupigwa kwanza na majani ya juu, yakapungua nguvu. Yakifika chini hupokewa na majani yaliyooza, ambayo hunyonya maji kama sifongo, kisha mizizi huyapeleka ardhini polepole. Ndiyo sababu vijito huendelea kutiririka hata kiangazi. Mlima ulio uchi hauna cha kuyapokea. Maji hushuka yote kwa mara moja, yakibeba udongo, na miezi michache baadaye mama anachimba mchanga mtoni kutafuta ndoo moja.

Wenyeji walimjua kwanza

Watoto watafurahi kusikia habari za mangabi wa Sanje, kima asiyepatikana mahali pengine popote duniani ila milima hii. Wataalamu walimgundua mwaka 1979. Walikuwa wamesikia mlio wasioufahamu, lakini wenyeji waliufahamu vizuri na jina la mnyama walikuwa nalo: ngolaga. Tuwaambie watoto kwamba elimu ya wazee wetu kuhusu msitu ni elimu kweli.

Habari ya kuni

Hapa ndipo jambo linapotugusa sisi. Hifadhi ilipoanzishwa, wanavijiji wa jirani, wengi wao akina mama, waliendelea kuruhusiwa kuokota kuni zilizokauka kwa siku maalumu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Sababu zinaeleweka: gogo linalooza ni makao ya wadudu na mbolea ya miche, miguu mingi hukanyaga miti inayoota, na wenye mapanga ya kukata miti mibichi hujificha katikati ya waokotaji wema. Lakini tuseme ukweli wote. Mzigo wa katazo hilo ulimwangukia mama, kwa kuwa chungu hakingoji. Uhifadhi usiompa mama njia nyingine ya kupikia humfanya aonekane mwizi kwenye mlima aliozaliwa chini yake.

Njia nyingine zipo, na nyingi zimo mikononi mwetu:

Tujenge jiko sanifu la udongo. Moto uliozungukwa na udongo haupotezi joto kama mafiga matatu, na moshi wake ukipungua, macho na vifua vya watoto hupata nafuu.

Tuloweke maharage usiku kucha na kufunika sufuria. Kuni zipasuliwe ndogo na zikaushwe vizuri.

Chakula kikishachemka vizuri, tukiweke na sufuria yake ndani ya kikapu chenye matambara mazito, tukifunike. Wali utaiva wenyewe bila moto.

Tupande mijohoro mipakani mwa mashamba. Hukua haraka, na ikikatwa huchipua tena.

Na akina baba wasiachwe nje. Mara nyingi kiwanja cha kupanda miti na fedha ya jiko viko mikononi mwao, wala kuni si kazi aliyoumbiwa mama peke yake. Mazungumzo hayo yaanze nyumbani, baada ya chakula cha jioni.

Kwa safari yenyewe, vikundi vyetu vya akina mama vinaweza kuweka akiba kidogo kidogo kila mwezi, mpaka nauli na kiingilio vitimie. Tuwachukue mabinti na wavulana pia. Mtoto aliyeona kijito kikitoka chini ya mizizi ya mti hatahitaji kuhubiriwa sana siku atakapopewa panga.