Nyumba Imfuate Nani?

Kazi umepata Igogwe, mwenzi wako yuko chuo Mbeya mjini. Kabla hamjamlipa dalali, kaeni chini mpige hesabu mbili: ya pesa na ya saa.

Barua ya ajira ina raha yake. Unaisoma mara tatu, unawapigia wazazi, unawanunulia rafiki zako soda. Halafu usiku, kelele zikishapoa, mmoja wenu anauliza: "Sasa tutakaa wapi?" Hapo ndipo ndoa nyingi changa zinapopata mtihani wake wa kwanza, mtihani wa kodi, nauli na nani aamke saa kumi alfajiri.

Mtihani huo ulibisha hodi kwenye familia yetu. Mdogo wangu ni nesi. Alipata kazi Igogwe, kwenye hospitali ya misheni ya Kanisa Katoliki iliyoko upande wa Tukuyu, Wilaya ya Rungwe. Shemeji yeye anasoma shahada ya pili MUST, yaani Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Walikuwa na miezi mitano ya ndoa, godoro moja, mtungi wa gesi na akiba ya kuhesabika. Mimi, kwa cheo cha dada mkubwa, nikapewa jukumu la kuzunguka nao kutafuta nyumba. Tulizunguka siku nne, na viatu vyangu havijapona mpaka leo!

Msomaji wangu, kama wewe na mwenzi wako mko njia panda kama hii, haya ndiyo niliyoyaona.

Kushindana na vitanda vinne

Mbeya ni mji wa vyuo. MUST peke yake ina historia ndefu: ilianza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya, ikawa taasisi ya sayansi na teknolojia mwaka 2005, na mwaka 2012 ikapanda kuwa chuo kikuu kamili. Ongeza Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji cha Kanisa la Moravian, tawi la Mzumbe na Chuo cha Uhasibu, utaelewa kwa nini kila mwenye kiwanja karibu na chuo anajenga vyumba vya kupangisha.

Maelfu ya wanafunzi hao wanatafuta pa kulala kuanzia Oktoba, na hapo ndipo bei inapopanda. Mwenye nyumba hapigi hesabu ya nyumba, anapiga hesabu ya vitanda. Vyumba viwili na sebule vikikaliwa na wanafunzi wanne, wazazi wanne wanachangia kodi. Nyinyi wawili mkija na mshahara mmoja, mnashindana na mifuko minne. Ndiyo maana nyumba ndogo iliyo jirani na chuo inaweza kukushinda, wakati kubwa zaidi iliyo mbali kidogo ikakufaa.

Kwa hiyo kama unaweza, tafuta kati ya Julai na Septemba, wanafunzi wengi wakiwa makwao. Vyumba vinakuwa wazi, na mwenye nyumba anayeona mlango umefungwa miezi mitatu huwa mpole kwenye mazungumzo.

Tahadhari nyingine ni ya majina. MUST iko Ikuti, huko Iyunga, ndani ya Jiji la Mbeya. Lakini Rungwe nako kuna kata inaitwa Ikuti! Dalali mmoja alitusifia kwa simu "nyumba nzuri, bei poa, Ikuti", tukaanza kufurahi. Kumbe yeye anasema hii na sisi tunawaza ile. Ukiambiwa Ikuti, uliza Ikuti ipi kabla hujapanda gari.

Katikati si lazima kuwe haki

Wazo la kwanza la shemeji lilikuwa Uyole. Ukitazama ramani, utampa haki yake. Uyole ndipo barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma inapokutana na ile inayokwenda Tukuyu, Kyela hadi mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Mke atapanda gari la kwenda Rungwe, mume atapanda daladala la kwenda Iyunga, jioni mnakutana nyumbani. Kila mtu kaumia kidogo, hakuna wa kulalamika.

Wanandoa wengi tunapenda suluhisho la namna hii kwa sababu linafanana na haki. Lakini hebu tulifuatilie kwa siku moja tu ya kazi ya nesi. Zamu ya mchana inapoisha usiku, Costa za mwisho zimeshapita au zinasubiri abiria hata wajae. Zamu ya usiku inataka aondoke nyumbani giza linaingia, na huko juu barabarani ukungu ukishuka dereva haoni hata mita chache mbele. Shemeji, kwa upande wake, ana vipindi siku tatu kwa wiki. Siku zilizobaki anasoma na kuandika, kazi anayoweza kuifanyia popote penye meza, umeme na mtandao.

Hapo ndipo nilipouliza swali lililobadilisha safari yetu: kati yenu, nani hana uhuru na saa zake?

Mwalimu wa shule ana kengele na nesi ana zamu. Mwanafunzi wa shahada ya pili, mfanyabiashara wa mtandaoni au fundi anayejiajiri anaweza kusogeza mambo yake. Nyumba imfuate yule ambaye saa zake haziguswi, kisha huyo mwingine alipwe fidia kwa njia nyingine. Kugawana umbali nusu kwa nusu kunaweza kuwachosha wote wawili bila faida.

Pigeni hesabu kwenye karatasi

Maneno matupu hayavunji mfupa, basi tuchukue namba za mfano. Wewe utaweka za kwenu.

Tuseme nyumba ya vyumba viwili karibu na chuo ni sh. 150,000 kwa mwezi. Nauli ya nesi kwenda Igogwe, bodaboda ikiwemo, ni sh. 4,000. Kwenda na kurudi siku 22 ni sh. 176,000. Jumla sh. 326,000, na nauli imeipita kodi!

Uyole tuseme kodi ni sh. 120,000. Nauli ya nesi sh. 3,000 kila safari, kwa mwezi sh. 132,000. Mume anatumia sh. 700 kila safari, siku 12 za vipindi, sh. 16,800. Jumla sh. 268,800.

Sasa kijijini karibu na kazi, tuseme kodi ni sh. 60,000. Mke anatembea kwa miguu. Mume anakwenda Mbeya mara moja kwa wiki, analala usiku mbili kwenye chumba anachochangia na mwenzake wa chuo kwa sh. 30,000, kisha anarudi. Nauli ya safari nne za kwenda na kurudi, sh. 10,000 kila moja, ni sh. 40,000. Jumla sh. 130,000.

Bado hatujahesabu saa. Kama kwenda kazini kutoka Uyole kunachukua saa moja na nusu pamoja na kusubiri, basi nesi anapoteza saa tatu kwa siku. Kwa siku 22 ni saa 66, zaidi ya siku nane za kazi anazozimalizia kwenye kiti cha Costa. Saa hizo angepika, angelala, angekaa na mumewe.

Kumbukeni pia mzigo wa kuanzia. Mjini wengi wanataka kodi ya miezi sita mkononi, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Kwa nyumba ya sh. 150,000 hiyo ni sh. 1,050,000 kabla hamjanunua hata ndoo. Msitegemee bei elekezi ya serikali: sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ni makubaliano yenu na mwenye nyumba. Usione aibu kuomba miezi mitatu mitatu. Na mjini jueni kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayemlipia mwenye nyumba. Kubalianeni mapema kama mtaikata kwenye kodi.

Usiku mbili kwa wiki

Hesabu ikaisha, ukaanza mjadala wa kweli. Usiku mbili mbali na mke kila wiki? Mama mkwe hakupenda. Mdogo wangu mwenyewe alinyamaza, na mimi najua kimya chake. Baadaye alisema: "Dada, siogopi wanawake wa Mbeya. Naogopa tukizoea."

Hilo ni neno zito, na kikokotoo cha simu hakilijibu. Walichofanya ni kuliweka mezani. Wakakubaliana siku za shemeji kulala mjini zijulikane na zisiongezeke bila kuulizana, simu ya saa tatu usiku isikosekane, na jioni ya kurudi kusiwe na wageni. Pia kila mwisho wa muhula wanaupitia upya mpango mzima. Na fidia je? Kodi na nauli zote zinatoka kwenye mshahara wa mke mpaka shemeji amalize shule, na shemeji akiwa nyumbani jikoni ni kwake. Wengine watacheka, shauri yao!

Rungwe na kukaa pamoja

Wilaya hii ina somo lake la zamani kuhusu kuhama. Watafiti Godfrey na Monica Wilson walioishi na Wanyakyusa miaka ya 1930 walikuta vijana wa rika moja wakitoka kwa wazazi wao wakiwa wavulana wa kama miaka kumi, wakijenga vibanda vyao, na baadaye wakioa na kuendelea kuishi kijiji kimoja. Jirani alikuwa rika lako. Kulikuwa na neno kwa ile raha ya kuwa pamoja na kuzungumza na wenzako: ukwangala. Kitabu cha Monica Wilson kuhusu vijiji hivyo kilitoka mwaka 1951.

Vijiji vya rika vimebaki historia, lakini hoja yake bado ina nguvu kwa wahamiaji kama sisi: unapopanga nyumba unapanga na majirani. Mama tuliyempata kule kijijini hakuanza na bei. Tulipomwamkia shikamoo, alituuliza kwetu wapi, nani atakaa, na kama mdogo wangu anajua kulima, kwa maana nyuma ya nyumba kuna kishamba na migomba. Tulipoaga nikajaribu "ndaga", asante ya Kinyakyusa, akacheka sana. Shemeji akiwa Mbeya, mke wake hatakuwa peke yake.

Kagua kabla ya kulipa

Rungwe ni nchi ya mvua nyingi na baridi. Nyumba inayopendeza kwenye jua inaweza kukuliza baada ya wiki. Kwa hiyo:

1. Nenda siku ya mvua. Tazama dari, pembe za kuta na nyuma ya kabati. Madoa ya unyevu hayadanganyi.

2. Tazama maji yanapopita. Uliza pia ya kunywa yanatoka wapi, na yakikatika mnachota wapi.

3. Uliza mita ya umeme. Ni yako peke yako au ya pamoja? Ya pamoja imevunja ujirani mwingi.

4. Jiko la mkaa lisilale nanyi. Juni hadi Agosti baridi ni kali, na watu huingiza jiko chumbani wakafunga madirisha. Gesi yake haionekani wala hainuki, na inaua mkiwa usingizini. Nunueni blanketi la pili.

5. Hakikisha anayepokea pesa ndiye mwenye nyumba. Nyumba za urithi zina ndugu wengi. Andikeni mkataba, mpate risiti, na mpite kwa mtendaji wa kijiji au serikali ya mtaa.

6. Muulize mwajiri kabla ya yote. Hospitali na shule nyingi za vijijini zina nyumba za watumishi, na hata kama zimejaa, utumishi anajua nani anahama lini.

Mdogo wangu na shemeji walilipa miezi mitatu. Wakati naandika, wako kwenye muhula wa pili wa mpango wao, na tayari wameubadilisha mara moja: shemeji sasa anaondoka Jumanne badala ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku ya mapumziko ya mke wake. Hakuna dalali ambaye angewatafutia siku hiyo. Na wewe, kabla hujauliza bei ya chumba, muulize mwenzi wako siku yake ni ipi.