Maharagwe Yaive Bila Magadi: Shauri kwa Wapishi wa Kitengela na Kajiado

Katika nyumba nyingi za Kitengela na Kajiado maharagwe ni chakula cha kila siku. Huliwa kwa wali au kwa chapati, na mara nyingi huchanganywa na mahindi yakawa githeri. Bei yake ni nafuu kuliko nyama, nayo huujenga mwili vizuri. Lakini yana taabu moja: hayaivi upesi. Makaa huteketea, gesi hupungua, watoto huona njaa, na sufuria ingali inatokota. Ndipo mpishi anapofungua kopo la magadi, akatia kijiko kimoja, na baada ya muda mfupi maharagwe yakalainika.

Desturi hiyo ni ya zamani, wala si ajabu kuiona katika nchi hii, kwa maana Ziwa Magadi lenyewe limo katika Kaunti ya Kajiado, na kampuni ya kuchimba magadi yake iliundwa mwaka 1911. Hata hivyo, yafaa kila mwenye nyumba ajue magadi hufanya nini ndani ya sufuria, na gharama yake ni nini kwa afya ya watoto.

KWA NINI MAHARAGWE HUCHELEWA KUIVA

Sababu ya kwanza ni mwinuko wa nchi. Kitengela na mji wa Kajiado viko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mjini Mombasa maji huchemka yanapofika digrii 100 za joto, lakini katika nchi ya juu kama hii huchemka kwa digrii 95 hivi. Maji yakisha kuchemka hayazidi joto hilo hata moto ukiongezwa. Kwa hiyo mpishi wa Kajiado hupika kwa maji yasiyo moto sana kama ya mwenzake wa pwani, na maharagwe yaleyale yatamchukua muda mrefu zaidi.

Sababu ya pili ni umri wa maharagwe. Yaliyokaa ghalani mwaka mzima, hasa mahali penye joto, huwa magumu kuliko yaliyovunwa karibuni. Ya tatu ni maji. Maji mengi ya visima yana chumvichumvi za ardhini, na baadhi ya hizo huyakaza maganda ya maharagwe.

MAGADI HUFANYA NINI

Ndani ya kila punje mna kitu kama gundi kinachoshikamanisha nyama yake. Magadi huiyeyusha gundi hiyo upesi, na ndiyo maana maharagwe hulainika. Lakini kazi yake haiishii hapo.

Kwanza, magadi huharibu vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya faida kubwa za kula maharagwe. Mboga za majani, kama kunde, nazo hupoteza vitamini zikipikwa kwa magadi. Pili, magadi yana sodiamu kama ilivyo katika chumvi ya mezani, na mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu hujiongezea madhara bila kujua.

Jambo la tatu ndilo kubwa kwa watu wa Kajiado. Magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa huwa na madini yaitwayo floridi. Kidogo chake huimarisha meno, lakini kikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floridi. Visima vingi vya Kajiado, pamoja na baadhi ya vile vya Kitengela, vimepita kiasi hicho. Basi mtoto anayekunywa maji ya kisima kama hicho, kisha akala githeri ya magadi, hupata floridi mara mbili.

Madhara yake huingia mapema. Meno ya kudumu hutengenezwa ndani ya ufizi tangu utotoni, kabla hayajaonekana. Mtoto akipata floridi nyingi katika miaka yake minane ya kwanza, meno huota yakiwa na madoa meupe au ya kahawia, na pengine yenye vishimo. Madoa hayo hayatoki kwa mswaki. Watoto wengi huchekwa na wenzao kwamba hawapigi mswaki, na kumbe kosa si lao. Floridi ikizidi kwa miaka mingi huweza kuumiza hata mifupa.

Tena ieleweke kwamba kuchemsha maji hakuondoi floridi. Kuchemsha huua vijidudu, na ni jambo jema. Lakini maji hupungua kwa mvuke, na floridi hubaki. Maji ya mvua yaliyokingwa katika tangi safi ndiyo yafaayo zaidi kwa kupikia na kunywa, na yanywewe baada ya kuchemshwa.

NJIA ILIYO BORA

Dawa ya maharagwe magumu ni kuyaloweka. Mpishi achukue vikombe viwili vya maharagwe, ayachague mawe na punje mbovu, ayaoshe, kisha ayaloweke kwa vikombe sita vya maji tangu jioni hadi asubuhi. Mahindi makavu ya githeri na yalowekwe vivyo hivyo.

Asubuhi ayamwage maji hayo na kuyasuuza maharagwe. Katika nchi yenye shida ya maji si lazima yapotee bure. Yaweza kumwagiwa mboga bustanini. Lakini yasitumiwe kupikia, kwa kuwa hubeba sehemu ya vitu viletavyo gesi tumboni.

Kisha atie maji mapya na kuyachemsha kwa moto mkali kwa nusu saa. Hatua hii isirukwe, hasa kwa maharagwe mekundu, maana yakiwa mabichi yana sumu iletayo kutapika na kuharisha, na sumu hiyo huondolewa na mchemko mkali tu. Baada ya hapo moto upunguzwe na sufuria ifunikwe mpaka yaive. Nyanya zisitiwe mapema, kwani uchachu wake huyazuia kulainika. Vitunguu, mafuta, nyanya na chumvi vifuate yakisha kuiva.

KIKAPU CHA JOTO

Mwenye kutaka kuokoa makaa na atengeneze kikapu cha joto. Achukue kikapu kikubwa chenye kifuniko, akijaze matambara safi au blanketi kuukuu pande zote na chini, aache nafasi ya sufuria katikati. Maharagwe yaliyolowekwa na kuchemshwa kwa dakika 45 yahamishiwe humo pamoja na sufuria yake, yangali yanatokota, yafunikwe vizuri kwa mto wa matambara, na yasifunguliwe kwa muda wa saa tatu au nne. Joto lililofungiwa litaendelea kuyapika bila moto. Kabla ya kula yarudishwe jikoni yachemke tena.

Haraka haraka haina baraka. Kijiko cha magadi huokoa saa moja ya moto leo, lakini doa la jino la mtoto hudumu maisha yake yote. Kuloweka hakugharimu senti. Kwataka tu mpishi akumbuke jioni, kabla hajalala, chakula cha kesho.