Dirisha ni Lile Lile

Mama yangu alipotaka kwenda Mombasa kwa reli mpya, swali lilikuwa moja: tumkatie daraja gani?

Tuanze na hesabu. Januari 2024 nauli kutoka Nairobi ilipanda. Daraja la kawaida lilitoka shilingi 1,000 likafika 1,500. Daraja la kwanza lilitoka 3,000 likafika 4,500. Sisi tulikuwa watu wazima watatu, kwa hiyo tofauti ilikuwa shilingi 9,000. Hizo ni dawa za mama.

Je, fedha hizo hununua nini? Hununua nafasi. Daraja la kwanza, viti ni viwili kila upande wa njia. Daraja la kawaida, ni vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na abiria hutazamana magoti kwa magoti.

Lakini mandhari hayana daraja. Mabehewa yote hupita juu ya tuta lile lile, na ndovu wekundu wa Tsavo hawamjui aliyelipa zaidi. Kitakachokunyima kuwaona ni kiti cha katikati, au safari ya usiku.

Basi tukakata daraja la kawaida, treni ya asubuhi, mama dirishani. Tsavo nzima alihesabu ndovu kwa vidole. Tuliposhuka Miritini, magoti yalikuwa yamemkaza. Akanishika bega, asiseme neno.

Wakati wa kurudi nilimkatia yeye na mke wangu daraja la kwanza, mimi nikarudi kule kule. Ndugu zangu, msilipie dirisha. Lipieni magoti ya mzee.