Hamamu la Pwani (Sehemu ya Nne): Maji Yaendako

Msimu wa papa potwe umefika tena Mafia. Redio zinatangaza, Kilindoni mashua zinatiwa deheni, na wageni wameanza kushuka. Sina ugomvi na samaki huyo. Nauliza jambo moja: mgeni aliyeshinda majini akarudi amelowa chepechepe, upepo ukimpiga chomboni hadi meno yanagongana na jua linawaka, ataoga wapi?

Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua nitaelekea wapi: Kidichi. Seyyid Said alipolijenga hamamu lile Unguja mwaka 1850, kwa ajili ya mkewe aliyetoka Uajemi, alimfikiria mtu anayerudi kuwinda mashambani, kachoka na vumbi limemganda. Tazameni kuba zake. Mvuke ukipoa kwenye dari tambarare hudondoka, tone la baridi likakupata mgongoni. Kwenye kuba huteremka taratibu ukutani. Hapo uzuri ni kazi, si madoido. Baadaye Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alijenga Hamamni mjini, na huko raia wa kawaida aliingia kwa kiingilio chake.

Lakini kinachoninyima usingizi ni birika la chooni katika nyumba za mawe za Lamu. Fundi alipachika bakuli la kauri la Kichina sakafuni mwa birika, na majini wakafugwa visamaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji yakiteremka hadi kwisha, samaki hukimbilia bakulini, wakasubiri ndoo ya kesho. Fundi huyo hakusoma chuo chochote, ila alimfikiria samaki! Sisi twafunga bomba linalong'aa, tukapiga picha ya uzinduzi, na hakuna aliyeuliza maji machafu yataishia wapi.

Mafia swali hilo halikwepeki. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu. Unachomwaga leo uani, kesho waweza kukiteka kisimani. Na kisichoingia kisimani huteremka baharini, kwenye matumbawe yanayolindwa na Hifadhi ya Bahari tangu 1995.

Nafasi yaniishia, basi niseme kwa ufupi hamamu la Mafia lijengwe vipi. Shimo la maji machafu lichimbwe kwanza, mbali na visima. Kuta ziwe nene, mlango uupe upepo kisogo. Chumba kikavu cha kubadilia kitangulie, chenye kibaraza cha kukalia, wanawake kwao na wanaume kwao. Juu ya paa liwekwe pipa jeusi, jua lipashe maji bure.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Alfajiri wavuvi wa dagaa hushuka pwani palepale, wamelowa na wanatetemeka vilevile, miaka nenda rudi, na redio haijawahi kuwatangaza. Hamamu likijengwa, ufunguo wa kwanza wapewe wao.

Wiki ijayo: tanuri la chokaa.